Kaya namba 17: chujio lilifanya kazi, mkojo wa mtoto ukabaki vilevile

Kwanza nielezee eneo, maana bila eneo kisa chenyewe hakishikiki. Ukitoka Arusha mjini ukafika USA River ukapandisha kuelekea Momella, barabara inapita kwenye hifadhi alafu inatokea upande wa Ngarenanyuki, nyuma ya mlima Meru. Huko ni nyanya, maharage, ng'ombe wachache, vumbi kiangazi na utelezi masika. Kijiji chenyewe sitakitaja kwa sababu ya ile familia. Maji yao yanatoka mlimani, meupe, ya baridi, na mgeni akiyaona anaweza kusema hawa watu Mungu kawapendelea. Shida ipo kwenye mawe. Meru ni volkano, mawe yake na majivu yake yamebeba floraidi nyingi, madini ambayo yakizidi mwilini yanaharibu meno na mifupa, maji yakipita humo yanaizoa, na kwa vile ni maji yenye asili ya magadi na kalsiamu yake ni kidogo, hakuna cha kuikamata ile floraidi ikatuama chini, inasafiri nayo mpaka kwenye kikombe.

WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi Tanzania kwa miaka mingi tuliruhusu mpaka 8 kwa maji ya vijijini, na sio kwamba 8 ni salama, ni kwamba tungeshika 1.5 kuna vijiji vingi vingekuwa havina maji kabisa kwenye vitabu. Baadaye ikashushwa 4 na sasa hivi kwenye karatasi tupo 1.5. Mito ya upande huu kama Maji ya Chai na Engare Nanyuki ilishapimwa tangu miaka ya 1980 ikakutwa imevuka 10, na maziwa ya Momella yenyewe ni mamia ya miligramu.

Matokeo yake kila mtu wa kaskazini anayajua, ni yale meno ya kahawia ambayo ukienda Dar ukicheka tu unaulizwa wewe wa Arusha eeh. Ila meno ni kile kinachoonekana. Kuna watoto wanapinda miguu, kuna wazee shingo na mgongo vimekakamaa mpaka kugeuka ni lazima ageuke mwili mzima. Mimi nimefanya kazi na hawa watu na hili jambo linaniuma, nalisema mapema ili lijulikane.

Sasa kisa. Nilikuwa msimamizi wa wadadisi, yaani wale wanaopita kwenye kaya kuuliza maswali ya utafiti, kwenye mradi uliogawa vichujio vya makaa ya mifupa kwa kaya zenye watoto wadogo. Chujio lenyewe ni ndoo mbili, ya juu ina makaa, ya chini ina koki. Makaa ni mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa hewa kidogo na joto la kupimwa, ukichoma chini ya kiwango maji yananuka na watu hawayataki, ukipitiliza mfupa unakuwa mweupe na unapoteza nguvu. Hii teknolojia sio ngeni kwetu, kituo cha Ngurdoto cha Wizara ya Maji kimeifanyia kazi miaka mingi. Na inavyofanya kazi ni kitu ambacho huwa nawaelezea watu kijijini na wanakielewa haraka kuliko sisi tuliosoma: floraidi inapenda mfupa. Sababu ileile inayoipeleka kwenye mguu wa mtoto ndo inayoifanya inase kwenye mfupa wa ng'ombe ulioko ndani ya ndoo.

Kabla ya kugawa tulipima floraidi kwenye mkojo wa watoto, na miezi sita baadaye tukapima tena. Mkojo unaonesha kilichoingia mwilini siku hizi za karibuni, kwa hiyo ni njia nzuri ya kujua kama mtoto kweli amepunguziwa. Kaya nyingi zikashuka. Chache hazikushuka, na namba 17 haikusogea kabisa, mtoto wa miaka minne na nusu, majibu ya kwanza na ya pili ukiyaweka pamoja huoni tofauti.

Kwenye mitingi ya timu jibu likapatikana ndani ya dakika mbili. Hawatumii. Wamepewa chujio wameliweka pembeni, wanachota bomba, wakija wadadisi wanalowesha ndoo. Kwenye mfumo wetu kulikuwa na kodi ya hilo, yaani alama ya kuipanga kaya kwenye takwimu, "kaya haizingatii", na ukishaiweka ile kodi ile kaya inatolewa kwenye uchambuzi na maisha yanaendelea. Kilichonizuia ni kwamba nilishafika pale mara tatu, mara zote koki inatoa maji, ndoo ya juu ina maji, na ile harufu ya plastiki mpya ilishaisha kabisa, ndoo imetumika mpaka imeshika rangi. Mtu wa kudanganya hapati muda wa kuizeesha ndoo namna ile. Nikaomba siku moja tu kabla hatujaiweka ile kodi.

Nilienda na dada mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kitongoji kile, hatukuchukua gari la mradi, tulipanda boda, na tulifika saa kumi na mbili na kitu asubuhi. Hilo la saa nalisisitiza. Safari zote tatu za nyuma nilifika saa nne au saa tano kwa sababu gari linatoka mjini saa mbili, na saa nne jikoni pale kila kitu kishapikwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Leo mmekuja bila gari, kuna usalama?"

Nikamwambia usalama upo, nimekuja kukaa tu leo, siulizi maswali. Akacheka, akanisogezea kigoda pale jikoni. Jiko lao ni la kuni, mafiga matatu, ukuta mweusi tii. Mkwewe alikuwa anawaandaa watoto, wa mwisho ana miezi nane yuko mgongoni. Nyumba ina watu tisa, na msimu ule wa kuchuma nyanya walikuwa na vibarua wanne wanakula hapohapo.

Bibi akachukua dumu la njano, maji ya bomba, akamimina kwenye sufuria ya chai. Chujio liko hatua tatu kutoka alipokaa, limejaa. Nikakaa kimya kidogo alafu nikashindwa, nikamuuliza, bibi mbona hujachota kwenye ndoo?

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kitu cha ajabu. "Yale ni ya kunywa. Si mlisema ya kunywa?"

Kusema kweli hapo nilihisi tumbo linashuka, kwa sababu lile dodoso nililitafsiri mimi. Kwa Kiingereza liliandikwa kwa mtindo wa kimataifa, na WHO na UNICEF wanapohesabu maji ya kunywa ndani yake wanaweka na ya kupikia, ya kuandaa chakula na ya usafi wa mwili, yote humo. Mimi nikaandika "maji ya kunywa" nikaona nimemaliza. Ila mama yeyote wa Kiswahili nyumbani kwake ana maji ya kunywa, ana maji ya kupikia na ana maji ya matumizi, vyombo tofauti, na ukimwambia chujio ni la maji ya kunywa amekusikia vizuri sana. Bibi alifuata maelekezo yetu neno kwa neno kwa miezi sita. Na wadadisi wangu wakamuuliza "maji ya kunywa mnachota wapi", akajibu kwenye chujio, wakaweka tiki, na ilikuwa kweli tupu.

Nikaendelea kukaa. Ile chai nikamuuliza tena, bibi huoni ile floraidi itaingia kwenye chai? Akasema lakini naichemsha, si inakufa? Hapa tena hakuna wa kumlaumu, maana kwa miaka yote hii redio, zahanati, mabango ya kipindupindu, sisi wenyewe watu wa afya tumewaambia chemsha maji, chemsha maji, ikikaa kwenye moto ugonjwa unakufa. Ni sahihi kwa vijidudu. Floraidi sio kidudu, haifi, na ukichemsha maji yanapungua yenyewe inabaki, kwa hiyo kinachobaki kwenye sufuria kinakuwa kikali zaidi ya kilichokuwa kwenye dumu. Ujumbe wetu mzuri wa kipindupindu umeenda kuwa kinga ya floraidi kichwani mwa watu na hakuna mtu aliyewahi kurudi kuurekebisha. Na majani ya chai yenyewe pia yana floraidi yake.

Baada ya chai ikaja uji wa wadogo. Maji ya bomba. Yule wa miezi nane ndo aliniumiza zaidi, kwa sababu maziwa ya mama yanapitisha floraidi kidogo sana hata kama mama anakunywa maji mabaya, yaani miezi sita ya kwanza yule mtoto alikuwa amelindwa vizuri kuliko mtu mwingine yeyote mle ndani, alafu siku alipoanzishiwa uji ulinzi ukaisha.

Saa tatu na nusu wakabandika makande ya vibarua. Mahindi makavu, maharage, maji ya bomba tena, alafu bibi akafungua kikopo cha Blue Band cha zamani akatoa magadi, kipande kama kidole gumba hivi, akakigonga kwa nyuma ya kisu, vumbi lake jeupe likaingia kwenye sufuria likatoa povu. Magadi yale yananunuliwa sokoni Tengeru, Jumatano au Jumamosi. Watafiti wa meno walishaandika tangu miaka ya 1990 kwamba kuna sehemu za kaskazini huku maji yake hayana floraidi ya kutisha ila watoto meno yameharibika, na kilichoonekana kuhusika ni haya magadi ya kulainishia maharage. Kwa hiyo haikuwa siri. Ila kwenye dodoso letu la maswali zaidi ya mia hakukuwa na neno magadi hata mara moja.

Nikafanya kosa la haraka. Nikamwambia bibi, haya magadi ni bora uyaache.

"Na kuni utaniletea wewe?"

Aliuliza kwa upole kabisa, alitaka kujua. Makande bila magadi ni moto wa kutwa nzima. Juu yao ni hifadhi, hauingii kukata kuni unavyotaka, na mzigo mmoja wa kuni pale ni hela au ni asubuhi nzima ya mkwewe kutembea na mtoto mgongoni. Magadi yale kwake sio mazoea ya kizamani kama tunavyopenda kuandika kwenye ripoti, ni njia ya kubana kuni, na amepiga hesabu yake vizuri kuliko sisi.

Tulipima kila kitu siku ile. Maji ya koki ya chujio yalikuwa chini ya 1, safi kabisa, chujio linafanya kazi kama tulivyoahidi. Bomba lilisoma 6 na kidogo. Sasa fanya hesabu rahisi ya mtoto yule. Chai ya asubuhi na ya jioni kama nusu lita, hapo ni miligramu 3 tayari. Wataalamu wa lishe wa Marekani kikomo cha juu walichoweka kwa mtoto wa miaka 4 mpaka 8 ni miligramu 2.2 kwa siku nzima, kwa kila kitu. Yaani kabla hajagusa uji, hajala makande, keshavuka. Yale maji safi ya chujio anayokunywa mchana, kikombe kimoja viwili, ni kitu kizuri lakini ni sehemu ndogo sana ya maji yanayoingia kwenye mwili wake. Maji mengi ya mtoto wa kijijini huku anayala, hayanywi.

Na kwa nini kaya nyingine zilishuka wakati maelekezo yalikuwa hayohayo? Tulirudi baadaye kuuliza na jibu lilikuwa jepesi. Zilizoshuka nyingi zilikuwa za watu watatu wanne, ndoo inawatosha na inabaki, kwa hiyo wanapikia pia bila mtu kuwaambia. Namba 17 wako tisa na vibarua, chujio linadondoka taratibu, hata wangetaka kupikia yasingetosha. Tuligawa ndoo moja kwa kila kaya bila kuuliza kaya ina midomo mingapi. Kwa hiyo ile kodi ya "haizingatii" ingeangukia palepale kwenye familia kubwa, zenye watoto wengi na hela kidogo, na ripoti ingetoka nzuri kwa sababu tungekuwa tumewafuta.

Kwenye mitingi iliyofuata sikuwa na maneno mengi, niliweka mezani vipimo vya sufuria, chai, uji, makande, na kile kipande cha magadi kwenye mfuko wa nailoni. Mkuu wa mradi alikaa kimya kama dakika nzima alafu akauliza tufanye nini. Namheshimu kwa hilo, kuna wengine wangegoma.

Mambo tuliyofanya mengi yalitoka kwa bibi na kwa yule dada wa kitongoji. Kuloweka maharage na mahindi usiku kucha ili moto wa kesho uwe mfupi na magadi yapungue mpaka yaishe, bibi akasema hilo mama yake alikuwa analifanya kabla magadi hayajawa rahisi kupatikana. Pipa la kuvunia maji ya mvua kwenye kona ya bati, kwa sababu maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa na kuanzia Machi mpaka Mei yanamwagika bure, hayo yakawa ya makande na ya vibarua. Chujio la pili kwa kaya zenye watu wengi. Na maneno tukayabadilisha, hatusemi tena maji ya kunywa, tunasema "maji yoyote yanayoingia mdomoni kwa mtoto, hata kama yamepita kwenye sufuria". Ni ndefu lakini hakuna aliyeuliza mara mbili maana yake.

Alafu kulikuwa na mkutano wa mrejesho, chini ya mti pale ofisi ya kijiji. Hela ya mrejesho kwenye bajeti ilikuwa kidogo na imewekwa mwishoni, kama inavyokuwa karibu miradi yote niliyofanyia kazi, tukabana ya mafuta tukaufanya mapema. Mzee mmoja akasimama akasema, sisi tumeangaliwa meno tangu mimi kijana, wamekuja Wazungu, wamekuja wa chuo, watoto wanapangwa mstari wanafungua midomo wanapigwa picha, mpaka leo hakuna aliyerudi kuniambia alichokiona. Watu wakamuitikia kwa sauti moja. Hatukujitetea. Tukasoma majibu ya maji ya kila bomba, moja moja, na kila mama akapewa majibu ya mtoto wake pembeni kwa faragha, na dada wa kitongoji akawa anaeleza kwa Kimeru kwa wale wazee. Ilichukua mpaka jioni na hakuna aliyeondoka. Kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kinakudai ripoti na unaipeleka, sawa, lakini ile ripoti bibi haimfikii, na yeye ndo aliyetoa mkojo wa mjukuu wake.

Huwa nasikia watu wanasema huku tunakosa teknolojia. Haipo shida hiyo. Pale Tengeru kuna Taasisi ya Nelson Mandela, na mhandisi Askwar Hilonga wa palepale alishinda tuzo ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015 kwa chujio lake. Akili ipo na iko hapahapa, mwendo wa Noah moja tu. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa kwenye kigoda saa kumi na mbili asubuhi.

Tulipima mkojo tena baada ya miezi mitatu. Wa yule mtoto umeshuka. Haujafika tunapotaka ila umeshuka kweli, na meno yake ya ukubwani bado yanajitengeneza ndani ya fizi mpaka afike kama miaka 8, kwa hiyo kila mwezi unaookolewa sasa hivi una maana. Dada yake ana miaka 11, yake yalishatoka na rangi yake, akicheka anaziba mdomo kwa kiganja.

Limebaki jambo moja ambalo linaninyima usingizi. Makaa ya mifupa yanashiba. Yakishashika floraidi ya kutosha hayashiki tena, na maji yatakuwa yaleyale ya bomba wakati kwa macho huoni tofauti yoyote. Tulipanga yabadilishwe kwa hesabu ya maji ya kunywa tu, sasa wanapikia pia, kwa hiyo yanachoka mapema zaidi, na bajeti yetu haikuwa na hilo. Bibi tulimwambia ahesabu ndoo. Anachora mstari kwa chaki kwenye ule ukuta mweusi wa jiko kila anapojaza, na kila ya tano anaikata mlalo. Jumamosi iliyopita alipiga simu kwa namba ya mkwewe, akaniambia ukuta wa kushoto umejaa amehamia wa mlangoni, makaa mapya yanakuja lini. Nikamwambia ukweli kwamba hela ya mradi imeisha na bado natafuta. Akasema sawa mwanangu, mi naendelea kuhesabu.